YAH: Kadi ya mgeni imekwama "kwa sababu za usalama"

Neema, South B
Watanzania wenzangu wa Nairobi, habari za saa hizi. Kadi yangu ya mgeni, kile kitambulisho cha sisi wageni tunaoishi Kenya, inakwisha mwezi ujao. Nimejaza fomu kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, nimelipa, alama za vidole nimetoa. Leo dirishani naambiwa maombi ya wageni yamesimama kutokana na tishio la ugaidi, nirudi na barua ya chifu. Nikauliza tishio gani. Yule bwana akanionyesha karatasi iliyobandikwa kiooni kwa selotepu: haina tarehe, haina sahihi, haina muhuri. Hivi hiyo barua ya chifu inatuhusu na sisi wa Afrika Mashariki?

Hamisi, Eastleigh
Pole dada. Mimi neno "tishio" bila ushahidi silipokei tena. Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch, polisi walisomba maelfu ya watu huku kwetu na wengi wakaishia uwanja wa Kasarani. Nilikuwa naangalia dirishani, watu wanapandishwa malori na vitambulisho wameshika mkononi.

Mama Tumaini, Kileleshwa
Hamisi, tafadhali. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka asubuhi moja, hapa na Dar. Hapa walikufa zaidi ya 200, kwetu 11. Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Tuwafikirie waliozika.

Hamisi
Shikamoo mama. Nani kasema mabomu ni uongo? Soma nilichoandika. Ninachokataa ni kauli za wakubwa. Shambulio la jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, tuliambiwa washambuliaji ni 10 hadi 15, baadaye wakabaki wanne. Waziri akasema ule moshi ni magodoro yanayoungua. Halafu kamera zikaonyesha wanajeshi wanatoka dukani na mifuko. Na uchunguzi haukufanyika.

Otieno (shemeji yenu), Lang'ata
Hapo umekosea, Hamisi. Kamati ya Bunge ilichunguza na kuandika ripoti, wabunge wenyewe wakaikataa 2014. Tume aliyoahidi Rais Kenyatta ndiyo haikuundwa. Na zito zaidi umeliruka: shambulio la Mpeketoni, kule Lamu, Juni 2014. Al-Shabaab wanasema ni sisi, Rais anasema si wao, ni siasa za hapa hapa. Watu wa Lamu wamezika zaidi ya 60 na hawajui wamsadiki nani. Desemba mwaka huohuo ikaja sheria kali ya usalama, tukaambiwa ni kwa ajili ya magaidi, mpaka Mahakama Kuu ilipofuta vifungu vinane Februari 2015. Ugaidi unatajwa serikali inapotaka sheria, unakanwa unapoiaibisha. Ndiyo maana majirani zangu wakisikia onyo huuliza kwanza wiki hii kuna nini bungeni. Mimi hilo linanitia hofu, maana siku onyo likiwa la kweli hawataondoka walipo.

Zuhura, Ngara
Kwetu je? Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walisota rumande miaka na miaka kwa kesi ya ugaidi, mashtaka yakafutwa Juni 2021. Mwezi uliofuata Mbowe, mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema wakati huo, akakamatwa Mwanza, naye ugaidi, hadi mkurugenzi wa mashtaka (DPP) alipoiondoa kesi Machi 2022. Na hapa Kenya vijana wa maandamano ya Juni 2025 wameshtakiwa kwa ugaidi vilevile. Jina moja kwa aliyelipua jengo na kwa aliyebeba bango! Nimechoka, jamani. Nataka nikae Forodhani, Zanzibar, na mwanangu, nile urojo wangu, asitokee mtu wa kuniuliza karatasi.

Mama Tumaini
Zuhura umenikumbusha nyumbani mpaka machozi. Otieno, hilo la mwisho nakubaliana nalo. Siku hoteli ya Dusit iliposhambuliwa, 15 Januari 2019, nilikuwa kazini jirani kabisa, Riverside. Aliyetutoa ni dada wa saluni, kapiga simu anahema: "Mama, usipite njia ya mbele." Tukatokea nyuma. Taarifa rasmi tuliikuta tumeshafika Kileleshwa. Siku ile waliuawa watu 21. Nataka onyo la namna ile nilipate kwa wenye dhamana, na nikilipata niweze kuliamini.

Hamisi
Nimekuelewa mama, na samahani kama nilipaza sauti. Kuna anayeshuka Arusha kupitia Namanga Ijumaa? Nina dawa za baba, mfuko mdogo tu.