Rorke's Drift 1879: magunia ya mahindi yalishikaje?

Kijana_wa_Langoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Ngome yetu ya Lamu ilianzwa 1813 ikamalizika 1821, kwa matumbawe na chokaa. Sasa tarehe 22 Januari 1879, Rorke's Drift huko Afrika Kusini, kituo chenye ghala na hospitali penye kivuko cha mto Mzinyathi, Waingereza kama 150, wagonjwa 35 hivi wakiwemo, walijizungushia magunia na masanduku ya biskuti kwa muda wa saa moja tu, na Wazulu 3,000 hadi 4,000 wakashindwa kuwatoa. Siku hiyohiyo Isandlwana, kilomita zaidi ya 10 kutoka hapo, Wazulu walikuwa wameua zaidi ya 1,300 wa upande wa Waingereza. Ukuta ule ulijengwaje hasa?

Mwashi_Mkomani
Waleikum salaam. Gunia lilikuwa la ratili 200, yaani kilo 90, sawa na gunia letu la mahindi. Hamali yeyote wa gatini atakwambia kitu kile kikishakaa juu ya mwenzake hukisogezi kwa bega. Risasi nayo inazama kwenye punje. Walipandisha hadi kama mita 1.2, kimo cha kifua, wakapachika magari mawili ya kukokotwa na ng'ombe upande wa kusini. Kaskazini palikuwa na ukingo wa mwamba, magunia yakawekwa juu yake, kwa hiyo aliyeko nje aliuona ukuta mrefu kumpita.

Kasoro ilikuwa urefu wa mzunguko. Ulipimwa kwa hesabu ya watu wengi, kisha askari Waafrika wa Natal, koloni la Waingereza, ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya mizigo, wakaondoka kabla ya mapigano. Luteni Chard, kamanda wa Waingereza hapo, akaona waliobaki hawatoshi, akakata uwanja katikati kwa ukuta wa masanduku ya biskuti. Hapo ndipo walipookokea. Usiku wakajenga na boma dogo la magunia mbele ya ghala, la kuweka majeruhi na kupigia risasi juu ya vichwa vya wenzao.

Bahari_Shela
Ongeza silaha. Bunduki ya Martini-Henry ikiwa na singe ilifika kama mita 1.8. Mzulu mwenye mkuki mfupi lazima aparamie magunia kwanza, na akiparamia mkono mmoja umeshika ukuta, ngao haimkingi tena. Anadungwa kabla mkuki haujafika.

Lakini bunduki hiyo hutia risasi moja moja. Ikipigwa mfululizo mtutu unaungua mkono, ganda la shaba nyembamba linalainika na kunata, kitako cha ganda kinachanika, inabidi kulisukuma kwa ufito kutoka mdomoni mwa mtutu huku adui yuko hatua tatu.

Kijana_wa_Langoni
Na hospitali? Naona iliachwa.

Mwashi_Mkomani
Paa la nyasi. Sisi wa makuti tunajua moto ukishika hakuna la kufanya. Tena vyumba vingi havikuwa na mlango wa ndani, vilifunguka nje kwa adui. Ikabidi watoboe kuta za ndani kwa sururu: mmoja anatoboa, mwenzake, askari Hook, anazuia mlango kwa singe, mgonjwa anavutwa tunduni, halafu chumba kinachofuata. Mwisho walishushwa kwa dirisha dogo la juu, wakavuka uwanja kukimbilia masanduku. Paa lililowaka liliwamulika Wazulu, wapiga risasi wakawaona vizuri gizani.

Mwalimu_Malindi
Jamani tusimsahau Mzulu. Hawa walikuwa akiba ya Isandlwana, hawakupigana kule. Walikuja mbio, wakavuka mto, hawajala, wengi wa kikosi cha uThulwana wakiwa watu wazima wa miaka 40 na zaidi. Tena mfalme Cetshwayo alikuwa amekataza kuingia Natal. Dabulamanzi, kamanda wao, alivuka hata hivyo.

Kosa kubwa lilikuwa kuja kwa mafungu. Kikosi cha iNdluyengwe kilishambulia kusini kwanza, wengine wakafika baadaye wakazunguka magharibi na kaskazini. Wangegonga pande zote kwa pigo moja saa kumi na nusu jioni, kabla masanduku hayajapangwa, singejua nani angebaki. Wenye bunduki mlimani Shiyane waliwapiga Waingereza mgongoni na kuwatoa uwanjani, ingawa nyingi zilikuwa gobori kuukuu.

Waingereza walikufa 17. Miili ya Wazulu iliyohesabiwa karibu na kuta ni 351, na majeruhi waliokutwa asubuhi wengi waliuawa palepale. Kati ya risasi zao kama 20,000 Waingereza, zilibaki 900 hivi.