Uso unaniwaka nikiacha krimu: hizi ni chunusi kweli?

Binti Mikindani
Habari za jioni wadau. Nina miaka 24, nakaanga samaki Mikindani. Mwanzoni nilikuwa na chunusi zangu za kawaida, zile za kuelekea siku zangu. Jirani akanipeleka kwa mama mmoja anayechota krimu kwenye ndoo kwa kijiko na kukutilia kwenye kikopo kisicho na maandishi. Siku ya tano uso laini kama wa mtoto, wateja wananisifu. Sasa nikikosa kupaka siku mbili tu, uso unawaka kama nimepakwa pilipili, na vipele vinarudi kidevuni na kuzunguka mdomo, vingi kuliko mwanzo. Niko kikopo cha nne. Mjomba wangu wa Nanyamba anasema nipake salfa ya mikorosho, imembakia nusu mfuko tangu msimu wa kupuliza. Nisaidieni kabla sijamsikiliza.

Kangomba Mstaafu
Paka dawa ya meno usiku. Zangu zilikauka.

Mama Wawili, Chuno
Zilikauka na ngozi ikabanduka, hilo hukusema kaka.

Mdogo wangu, mjomba mpe shikamoo yake na salfa abaki nayo. Ni kweli salfa ni dawa ya ngozi ya tangu zamani, imo kwenye sabuni na marhamu, lakini hiyo imepimwa na kuchanganywa ili ngozi iivumilie. Ile ya mfuko ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Wapulizaji wenyewe wanarudi shambani macho mekundu, sembuse wewe uipake shavuni na kulala nayo.

Sasa hicho kikopo. Mimi nimepaka cha namna hiyo mwaka mzima na nusu, kwa hiyo nakusoma kama najisoma. Mikorogo hiyo mara nyingi huwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, na nyingine hata zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Steroidi inazima wekundu haraka, ndiyo maana ukasifiwa. Baadaye inaipunguza ngozi unene na kuleta vipele vyake yenyewe, nawe unapaka zaidi ili uvizime.

Chukua kioo, kaa dirishani mchana. Chunusi halisi ni mchanganyiko: vichwa vyeusi, vyeupe, kimoja kina usaha, kingine kigumu chini kwa chini. Vya krimu vinalingana, utadhani umemwagiwa ufuta. Halafu tazama mdomo. Ukiona vimeuzunguka lakini vimeacha ukanda mwembamba msafi palepale kando ya midomo, hizo si chunusi, ni vipele vya krimu. Mimi huo ukanda niliuona nikadhani mafuta ya midomo yananilinda!

Kama vinawasha na vimejaa kwenye paji la uso na mgongoni, hasa ukitoka jasho, huenda ni fangasi. Kaka yangu mvuvi alimeza antibayotiki miezi miwili kwa vipele hivyo, vikazidi tu. Vilikuja kuondoka kwa shampuu ya ketokonazo, dawa ya fangasi.

Nenda hospitali ya Ligula uulizie daktari wa ngozi. Kikopo cha nne si mchezo, akwambie yeye kama uache mara moja au upunguze taratibu. Na jiandae: wiki mbili za kwanza baada ya kuacha, vipele vilizidi, nilijifunika kanga hadi puani, anayeuliza namwambia mafua. Nilipewa doksisaiklini, antibayotiki ya kumeza, wiki sita. Usijinunulie mwenyewe, haifai kwa mjamzito, na jua la huku linakuunguza ukiwa unaimeza.

Chunusi za kweli zilizobaki nilizimaliza kwa benzoili peroksaidi ya asilimia 5, kiasi cha punje ya mbaazi uso mzima, usiku mmoja napaka, mmoja napumzika. Nafuu niliiona mwezi wa tatu. Foronya zangu za bluu zote zimetoka mabaka meupe, hiyo dawa inakula rangi.

Mbanguaji wa Newala
Dada, hubangui korosho? Mimi nilifuta jasho na mkono wenye mafuta ya maganda, paji lote likatoka malengelenge, kisha likawa jeusi. Duka la dawa wakaniuzia dawa ya chunusi, ikanichoma juu ya kidonda.

Binti Mikindani
Hapana shangazi, mimi na korosho ni kula tu.

Nimetoka dirishani sasa hivi. Ukanda upo, Mama Wawili. Mwembamba kabisa, kama nimeuchora kwa wanja. Nimekaa chini kidogo. Jumatatu naenda Ligula. Kikopo nikibebe au wataniona mshamba?

Mama Wawili, Chuno
Kibebe. Na leo usiku usikipeleke kwa jirani.

Kangomba Mstaafu
Mama Wawili, na ngozi iliyobanduka inapakwa nini?