Mwanangu ana kifafa na shule imetangaza siku ya dawa za kichocho: je, nina haki ya kusema asubiri?

MamaWawili

Shikamooni walionizidi umri, na wengine habari za leo. Ninaishi katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Victoria, na mwanangu wa miaka 10 anasoma darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali. Alilelewa kwa bibi yake upande wa Mbulu hadi alipofikisha miaka 7, na huko ndiko kifafa kilikomwanzia. Sasa hutumia dawa ya kifafa iitwayo fenobabitali kila usiku. Mwaka jana alirudi nyumbani akisema kwamba walipimwa urefu kwa fimbo, kisha wakapewa vidonge vikubwa vyenye uchungu. Usiku ule alianguka mara mbili, baada ya miezi mitano ya utulivu. Nilipokwenda shuleni niliambiwa kwamba tangazo lilitolewa kwenye mkutano wa wazazi, na asiyehudhuria asilaumu. Siku ya mkutano nilikuwa mnadani. Dawa zitatolewa tena wiki ijayo. Sipingi dawa zenyewe, maana watoto wetu wanashinda ziwani na kichocho tunakijua. Ninachouliza ni kama ninaweza kumzuia asipewe siku hiyo, na nitasemaje bila kuonekana ninaigomea shule?

Mwalimu wa Zamu

Pole sana, mama. Mimi ni mwalimu wa afya katika shule nyingine, na nitasema wazi kwamba ugawaji huu tunaupokea kama agizo kutoka halmashauri: tunapewa vidonge, fimbo ya kupimia dozi na daftari la takwimu, na kila mtu anatarajia idadi kubwa ya waliomeza. Hata hivyo, maelekezo tunayopewa yanatutaka tuwaache watoto wagonjwa na tuhakikishe waliobaki wamekula kwanza, kwa sababu anayemeza akiwa na njaa hupata kizunguzungu na kichefuchefu, na akianguka mmoja darasa zima hulia. Tatizo ni kwamba mtoto mwenye kifafa, siku ambayo hajaanguka, anaonekana mzima kama wenzake. Mwalimu hawezi kujua asipoambiwa.

Msomi wa Sheria

Dada, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka matibabu, pamoja na chanjo, miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, na inaelekeza kwamba ustawi wa mtoto uwe kigezo cha kwanza katika uamuzi wowote unaomhusu. Kwa hiyo usisimame mbele ya mwalimu mkuu ukisema kwamba mtoto ni wako na unaamua upendavyo, kwani hoja hiyo ni dhaifu. Hata Bunge liliposhusha umri wa kupima Virusi vya UKIMWI bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15 mwaka 2019, lilionyesha kwamba kauli ya mzazi ina mipaka. Sema kwamba unatimiza wajibu wako wa kumlinda kiafya na kwamba una taarifa ambayo shule haina. Andika barua fupi, bakiza nakala, na uombe mwalimu mkuu asaini kwamba ameipokea. Kama umeshazungumza na mtoto, taja pia maoni yake, maana sheria hiyo hiyo inampa haki ya kusikilizwa.

Mvuvi Mstaafu

Mimi ningemwacha nyumbani siku hiyo, basi. Barua za nini?

Nesi wa Zamani

Kumficha nyumbani hakutoshi, kaka, kwa sababu mwakani itakuwa hivyo hivyo, na kichocho kisichotibiwa huharibu ini na kibofu polepole. Mama, sikiliza. Siwezi kusema kwamba vidonge ndivyo vilivyomwangusha, kwa kuwa hata dozi moja ya fenobabitali iliyosahauliwa inaweza kufanya hivyo. Lakini umetaja Mbulu, na huko nguruwe hufugwa kwa wingi. Mayai ya tegu wa nguruwe, yaani mnyoo mrefu bapa, yakiingia tumboni, mabuu yake yanaweza kwenda kukaa ubongoni na kusababisha kifafa. Dawa ya kichocho, yaani prazikwanteli, huwashambulia mabuu hao pia. Wakifa, ubongo huvimba kuwazunguka na mtoto anaweza kupata degedege. Zaidi ya hayo, fenobabitali hupunguza kiwango cha prazikwanteli kwenye damu, hivyo anaweza kubeba hatari na bado asipone kichocho vizuri. Mwone daktari kabla ya siku yenyewe, umweleze alikoishi, umwombe maelezo ya maandishi. Akiamua kwamba mtoto anahitaji dawa, atapewa hospitalini chini ya uangalizi.

MamaWawili

Nawashukuru sana. Lakini kwetu nyama ya nguruwe hailiwi, na hata bibi yake haipiki.

Nesi wa Zamani

Hilo halimkingi. Nyama isiyoiva humpa mtu mnyoo wa tumboni. Mayai yanayofika ubongoni hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo huo, yakapitia mikononi, kwenye maji au mboga. Jirani asiye na choo anatosha.

Mwalimu wa Zamu

Niongeze jambo moja ambalo wazazi husahau. Usimwambie mwalimu wa darasa mbele ya watoto. Watoto wakisikia neno kifafa, huyo mtoto atakaa dawati peke yake hadi darasa la saba. Nimeliona kwa macho yangu, na wako walimu wanaoamini kwamba kifafa huambukizwa kwa mate. Ongea na mwalimu mkuu na mwalimu wa afya tu.

MamaWawili

Ninarudi kuwapa taarifa. Daktari wa wilaya ameandika kwamba asipewe dawa shuleni, na ametupa rufaa kwenda hospitali ya Bugando akapigwe picha ya kichwa. Mwalimu mkuu aliisoma barua mara mbili, akasaini nakala yangu, kisha akaniuliza kwa nini sikusema mwaka wa kwanza. Sikuwa na jibu zuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninaficha. Nilimuuliza na mwanangu maoni yake, kama mlivyonielekeza. Vidonge havimtishi. Aliniomba tu kwamba siku hiyo apange foleni ya uji pamoja na wenzake, na wakimuuliza, aseme kwamba dawa zake atazipata hospitalini. Mwalimu wa afya amekubali.