Nyonga bandia ya baba inatoa usaha: asafishwe tu au chuma kitolewe?

MamaNyegezi: Habari zenu wana Mwanza. Baba aliwekewa nyonga bandia mwaka jana, sasa huu ni mwezi wa tatu tangu kitokee kitundu pajani kinachotoa usaha, kinakauka kinafunguka tena, antibaiotiki za duka la dawa amemeza mpaka basi. Daktari mmoja kasema asafishwe, mwingine anasema chuma kitoke chote. Tushike lipi jamani?

Nesi_Igoma: Pole sana dada. Kusafisha na kuacha chuma kunafaa infeksheni ikiwa bado mbichi, yaani wiki tatu nne hivi, na chuma kiwe hakijalegea. Kitundu kama hicho maana yake usaha unatoka kwenye chuma chenyewe, bakteria wameshajijengea utando pale dawa haipenyi, ndo maana mkiacha vidonge unarudi.

Mkerewe: mama yangu walimfanyia awamu mbili, wakatoa chuma wakaweka kwa muda saruji ya mifupa yenye dawa, antibaiotiki wiki sita, ndo akaja kuwekewa mpya. Pale katikati pagumu aisee, mguu mfupi, magongo, kivuko cha Nansio hawezi ikabidi tumpangie chumba Kirumba. Ila leo anaenda kanisani kwa miguu yake

Mwaloni: Ipo na awamu moja, kutoa na kuweka siku hiyohiyo, Wajerumani wa Hamburg wanafanya tangu miaka ya 1970. Kwa mzee ni nafuu ila mdudu ajulikane kabla na dawa ya kumuua iwepo.

Nesi_Igoma: Hapo kwenye mdudu ndo pa kukomalia! Wavute maji ya ndani ya jointi yaoteshwe maabara, wakipangusa kitundu kwa pamba wanaokota wadudu wa ngozi. Na daktari akiruhusu, aache antibaiotiki kama wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo majibu yanaweza kuja hakuna kitu na mdudu yumo. Akipata homa na kutetemeka msisubiri hata siku moja.

MamaNyegezi: Asante. Ana miaka 78 na moyo unamsumbua, oparesheni mbili naziogopa.

Mkerewe: basi waambie wazi kuhusu moyo. Kuna kutoa chuma bila kurudisha, usaha mara nyingi unakata ila magongo ndo maisha, au vidonge vya muda mrefu, hapo mnauzuia tu, kupona hapana. Na mzee mwenyewe aulizwe anataka nini

MamaNyegezi: Nimemuuliza sasa hivi, kasema anataka kutembea. Jumatatu tunaenda hospitali ya Bugando, naanza na hicho kipimo cha maji.