Kila mradi una cheti cha mazingira, mbona Ruaha Mkuu bado unakauka? Nani anapiga jumla?

Mjumbe_Mbarali:
Wakuu habari za leo, naombeni msaada maana hili linanikosesha usingizi. Niko kwenye kamati ya mazingira ya kijiji kimoja huku Mbarali, juzi tumeletewa ripoti ya TAM (Tathmini ya Athari kwa Mazingira) ya skimu mpya ya umwagiliaji wa mpunga tutoe maoni, nimeisoma yote na kwenye kipengele cha maji wameandika athari ni ndogo. Na kweli ni ndogo, sibishi, skimu yenyewe sio kubwa. Ila skimu ya jirani nayo iliandikiwa ndogo, na ile ya ng'ambo hivyohivyo, halafu mto Ruaha Mkuu ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, kuanzia 1993 unakata kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi yenye tope mpaka mvua zirudi. Sasa hizo "ndogo" zote nani anazijumlisha? Kwenye kikao nikiuliza naambiwa tujadili mradi ulioko mezani. Nifanyeje?

FundiMaji:
Mkuu umeuliza swali ambalo lilitakiwa kuulizwa miaka 30 iliyopita. Ngoja nieleze kitu kimoja ambacho watu wengi hawakijui kuhusu Ihefu. Ile ardhioevu ni kama beseni. Mito yote ya Usangu, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe, inamwaga mle, na mlango wa kutokea ni mmoja tu pale Ng'iriama, kuna mwamba kama kizingiti. Maji yakiwa juu ya kizingiti mto unatoka kwenda hifadhini na bwawa la Mtera, yakishuka chini yake hata kidogo tu, kinachotoka ni sifuri. Kwa hiyo skimu ya kwanza ikichukua maji huoni kitu, ya pili huoni, ya tatu huoni, halafu inakuja moja ndogo kabisa kina kinashuka chini ya mwamba na mto mzima unakatika. Ukiipima hiyo ya mwisho peke yake utasema haina madhara, kumbe huku chini hamna tone. Ndio maana kupima mradi mmojammoja hapa kwetu hakufai kabisa, hesabu lazima ianzie kwenye kizingiti kurudi juu.

Binti wa Ubaruku:
Naongezea kama mkulima maana tunalaumiwa sana. Zamani banio, kile kizuizi cha kugeuzia maji ya mto kwenye mfereji, lilikuwa la miti, mawe na majani, mafuriko yakija yanalibeba, na kiangazi lilikuwa linavuja, maji mengine yanapita yanaenda zao. Kisha ikaja miradi ya kuboresha skimu, tukajengewa mabanio ya zege na mageti, tukafurahi kweli na mimi nilifurahi, wakasema maji hayatapotea tena. Ni kweli hayapotei ila sasa mwezi wa kumi banio la zege linaweza kufunga mto wote ukaingia mferejini, kitu ambacho lile la miti lilikuwa haliwezi. Halafu kila mtu anaandaa majaruba siku yake, huyu anapandikiza leo yule baada ya wiki 3, mfereji unabaki umejaa muda wote na jua la Usangu mnalijua. Tungekubaliana kupandikiza kwa zamu, kanda kwa kanda, maji mengi sana yangebaki mtoni na mpunga usingepungua hata gunia.

Mwana_Pawaga:
Mimi niko huku chini, na sitaki tuishie kwa wakulima wa mpunga peke yao. Mwaka 2006 walisema tatizo ni ng'ombe, wafugaji wakaondolewa Usangu, wengi wakaishia Lindi na Pwani na migogoro ikahamia huko, 2008 Ihefu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na mto ukaendelea kukata. Kila mara tunamtafuta mmoja wa kumbebesha mzigo. Na huku chini kuna mabwawa ya umeme, Mtera megawati 80, Kidatu 204, na sasa bwawa la Nyerere lenye 2115, ingawa hilo maji yake mengi yanatoka Kilombero, na Kilombero nako kuna miwa, mpunga, mitiki, na mipango ya SAGCOT, ule mpango wa kilimo cha biashara ukanda wa kusini, tangu 2010. Ni bonde moja hili jamani, Rufiji yote.

FundiMaji:
Sawa kabisa Pawaga. Sasa Mjumbe, cha kufanya. Kwanza usiing'ang'anie ripoti ya TAM peke yake, jumla mara nyingi haipigwi humo. Sheria ya mazingira ya 2004 ina Tathmini ya Mazingira Kimkakati, hiyo ndio inaangalia mpango au eneo zima kabla miradi haijakatwa vipandevipande. Na Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inataka itengwe akiba ya maji kwa ajili ya watu na uhai wa mto kwanza, kinachobaki ndio kigawanywe. Kwa hiyo andikeni barua kwa Bodi ya Maji ya Bonde muombe vitu viwili tu: orodha ya vibali vyote vya kuchukua maji ya mto wenu pamoja na lita kwa sekunde za kila kimoja, na vipimo vya mto mwezi wa kumi na wa kumi na moja, sio wastani wa mwaka, wastani unaficha kila kitu kwa sababu masika inabeba kiangazi. Tuseme mto una lita 800 kwa sekunde mwezi wa kumi na vibali vikijumlishwa ni 1500, hapo huhitaji mtaalamu, umeshapata jibu la hiyo skimu mpya.

Binti wa Ubaruku:
Na muulize kama kibali kinashuka kiangazi au namba ni ileile mwaka mzima. Sisi yetu ni ileile.

Mjumbe_Mbarali:
Asanteni sana, nimeandika yote. Kikao ni Alhamisi, nitaomba maoni yetu yasipelekwe mpaka orodha ya vibali ipatikane, na jumuiya za watumia maji za juu na chini yetu ziitwe mezani siku hiyohiyo. Dada wa Ubaruku, hiyo zamu ya kupandikiza mlishawahi kuijaribu hata kwa mfereji mmoja? Nieleze mlivyopangana, nikaisemee.