Mheshimiwa kajipepea na karatasi yangu ya michango ya NSSF, tena nikiwa nimesimama mbele yake

Mama Pakiti (mleta uzi)

Wakuu, naandika hapa sijavua hata viatu. Nimesimama kwenye daladala kutoka Tazara mpaka Gongo la Mboto na sikusikia miguu, kwa hasira.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule ambaye akiingia ukumbini hakai mpaka makofi yaishe. Yule yule. Kama humjui basi Dar umeingia juzi na basi la usiku.

Tuliambiwa wabunge wa kamati wanakuja kuwasikiliza wafanyakazi: haki kazini, mafao ya uzeeni, bima ya afya. Nikaomba ruhusa kwa supavaiza, akanikata siku. Sawa, nikate. Nimefunga pakiti kwenye kiwanda kimoja huku barabara ya Pugu miaka 11, nikaona siku moja haiwezi kuniua. Kila mwezi slipu yangu ya mshahara inaonyesha nimekatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa mafao ya uzeeni. Mwajiri aongeze 10 yake, ipelekwe 20. Nimeenda kuomba taarifa ya michango, nimepewa. Miezi 14 ya mwisho ni sifuri tupu, zimepangana kama mayai kwenye trei. Kwenye slipu nimekatwa, kwenye mfuko haijafika. Hela iko wapi kati ya Pugu na ofisi ya NSSF? Imepanda daladala ikapitiliza kituo?

Nikasimama, nikaeleza. Mheshimiwa akauliza, "Mama, ushahidi unao?" Nikasema ninao. Nikatembea ukumbi mzima watu wananiangalia, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu. Akaipokea kwa vidole viwili. Akaitazama muda wa kusoma bei ya soda. Akasema, "Ahsante, tumelipokea."

Halafu akajipepea.

Na karatasi yangu! Jina langu juu, namba yangu ya uanachama, sifuri zangu 14, anajipepea shingoni kama mtu anayewasha jiko la mkaa na kipande cha boksi! Na feni ya dari ilikuwa inazunguka juu yake. Mimi bado nimesimama pale pale, sijaambiwa kaa, sijaambiwa endelea. Alijipepea mpaka mapazia yakacheza. Nadhani mpaka Kigamboni waliupata ule upepo.

Nilikuwa na swali la pili. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge lilipitisha wenyewe Novemba 2023, tuliona kwenye taarifa ya habari wanavyopongezana. Mwanangu ana pumu, kila akibanwa usiku nalipa taslimu dirishani. Nilitaka kuuliza mwajiri wangu ataulizwa na nani. Sikupata nafasi. Maikrofoni ilishaondoka na mtu alikuwa anajipepea.

Alipochoka kujipepea akaiweka mezani, akaiwekea chupa ya maji ya baridi juu. Nilisubiri mpaka wanaondoka ndipo nikaichukua. Ninayo hapa. Ina duara la maji limekaa juu ya mwezi wa tano na wa sita, wino umesambaa, ile sifuri ya mwezi wa sita sasa inafanana na nane. Kijana wa mlangoni akaniambia, "Mama, usivuruge utaratibu."

Utaratibu gani? Kazi waliyotumwa ni kuisimamia Serikali ili Serikali imbane mwajiri wangu. Mimi nimemletea mwajiri wangu kwenye karatasi, yeye kaitumia kupata upepo!

Wasimamizi, msiupeleke huu uzi jukwaa la vichekesho. Nawasilisha.

Fundi Pampu

Nimewahi siti ya mbele. Lete picha ya hiyo karatasi.

Jogoo wa Mbagala

Mleta uzi pole, ila na joto la mwezi huu hata ningepewa cheti cha ndoa ningejipepea nacho.

Mama Pakiti

Jogoo, wewe hujakatwa hela miezi 14. Nimesema feni ilikuwa inazunguka. ILIKUWA INAZUNGUKA.

Lindo la Usiku

Dada una bahati unakatwa miezi 14 tu. Sisi walinzi kampuni yetu ilikaa miaka miwili haijapeleka hata shilingi, halafu ikabadilisha jina. Sare zile zile, bosi yule yule, filimbi zile zile, ila tukaambiwa ni kampuni mpya, na madai ya zamani tukaidai ile kampuni ya zamani. Mwenzangu wa lindo la benki akaachishwa kazi, akaenda kufuatilia fao la upotevu wa ajira. Akaambiwa anatakiwa awe amechangiwa miezi 18. Kwenye slipu anayo 30. Kwenye mfuko anayo 9. Ile asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita aliisikia tu, kama sisi tunavyosikia Ulaya kuna theluji.

Chaki Nyeupe

Nyinyi mnalia na miezi. Sisi walimu tumelizwa na kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Nimefundisha miaka 34. Wenzangu waliotangulia walichukua nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33 ya mkupuo, na hesabu ikagawanywa kwa 580 badala ya 540, yaani inapungua. Nilikuwa na msingi wa nyumba Chanika, mpaka leo ni msingi. Kuku wanalala humo. Juni 2024 bungeni wakatangaza wanapandisha mpaka 40, watu wakagonga meza. Mimi nilikuwa nimeshastaafu!

Pakacha la Embe

Mwalimu, kwa heshima zote, nyie mlikuwa 50 mkashuka. Sisi wa NSSF tulikuwa 25 toka enzi, hakuna aliyetuandikia hata shairi. Tulipofikishwa 33 nyie mkapiga kelele nchi nzima mpaka tukaona aibu kufurahi. 2024 nyie mmepewa 40, sisi 35. Kwa hiyo anayelia hapa ni nani?

Chaki Nyeupe

Kijana, nyamaza. 2018 walipoleta ile ya asilimia 25 kwa wote, kelele zetu ndizo zilizofanya Rais Magufuli aisimamishe Desemba ile ile. Wewe ulikuwa wapi?

Pakacha la Embe

Shikamoo mwalimu.

Chaki Nyeupe

Marahaba. Lakini bado hujanijibu.

Msoma Ibara

Naomba turudi kwenye mada. Katiba, ibara ya 63, inalipatia Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa niaba yetu! Mbunge akipokea malalamiko ya michango anatakiwa ayafikishe kwa waziri mwenye dhamana ya kazi, aulize swali, majibu yaingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Mleta uzi, je, ile karatasi ilisajiliwa na katibu wa kamati?

Mama Pakiti

Isajiliwe vipi na iko shingoni kwa mtu?

Fundi Pampu

😂😂😂 Nimeanguka kwenye kochi.

Bwana Fomu

Dada achana nao, nisikilize mimi. Michango ambayo haijapelekwa ni deni la mwajiri kwa mfuko, na NSSF wana wakaguzi na wana uwezo wa kumpeleka mahakamani. Peleka nakala za slipu zote 14 pamoja na hiyo taarifa, andika barua, mapokezi wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Usiondoke bila muhuri. Wakikufukuza kazi kwa sababu ya hili, kimbilia CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, ukipitisha utaanza kuomba kuongezewa muda na huo ni mlima mwingine. Madai mengine ni siku 60. Karatasi halisi usimpe mtu tena. Toa kopi.

Mama Pakiti

Ahsante kaka, hii nimeichukua. Kesho natoa kopi. Ila ningejua ni ya kupepea ningempa kopi toka mwanzo.

Dada Kaunta

Nyie mna slipu. SLIPU. Mimi nauza baa Sinza mwaka wa nne, mshahara wangu unaandikwa nyuma ya kadi ya bia. Walivyotangaza kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026, bosi akaniita, nikajua heri. Akanipa sahani tatu za kulipia zilizovunjika Krismasi.

Lindo la Usiku

Dada Kaunta, hata wa serikalini wamepandishiwa, 370,000 mpaka 500,000. Mwalimu hapo juu hakusema hilo.

Chaki Nyeupe

NIMESHASTAAFU. Soma kabla ya kuandika. Ndiyo matatizo ya kulala lindoni.

Lindo la Usiku

Silali lindoni. Nimekesha nikikulinda wewe na msingi wako na kuku wako.

Bibi Arusi Mtarajiwa

Mimi kilio changu ni kadi ya bima ya mtoto. Toto Afya ilikuwa 50,400 kwa mwaka, unalipa unalala usingizi. 2023 wakaisimamisha. Pacha wangu walikuwa na miezi saba. Nilivyofika dirishani yule dada akaniangalia kama nimeleta noti ya mkoloni.

Jogoo wa Mbagala

Hata sisi wenye kadi. Machi 2024 hospitali binafsi zilipogomea kitita kipya cha NHIF, yaani bei mpya za mfuko wa taifa wa bima ya afya, nilikuwa na baba kwenye kiti cha matairi, getini. Kila mwezi mshahara wangu unakatwa asilimia 3, mwajiri 3, na siku ile baba akatibiwa kwa hela ya ada ya mtoto. Sasa hapo nani kajipepea na mimi?

Mama Pakiti

Jogoo pole sana kwa mzee. Sasa umenielewa. Kwako walikuacha getini, kwangu alijipepea. Mbele ya watu mia mbili. Nimemkabidhi kwa mikono miwili.

Msoma Ibara

Na wabunge hao hao baada ya miaka mitano wanaondoka na kiinua mgongo chao kwa mkupuo. Hakuna 33, hakuna 40, hakuna 580.

Pakacha la Embe

HAPO SASA. Huo ndio uzi. Fungua uzi wa kiinua mgongo mkuu, huu wa karatasi tumeumaliza.

Mama Pakiti

Haujaisha! Karatasi ninayo hapa imelowa!

Fundi Pampu

Ianike.

Dada Kaunta

Kiinua mgongo? Mimi hata likizo sijui inafananaje. Halafu nani anajua mwendokasi wa mwisho Kimara unapita Shekilango saa ngapi? Juzi nimetembea mpaka Urafiki na viatu mkononi.

Jogoo wa Mbagala

Usiniambie habari za mwendokasi. Mwendokasi wa kwetu Mbagala nao una hadithi yake. Barabara iliisha tukawa tunaiangalia, mabasi tukayasubiri mpaka 2025, mvua zikapita, jua likapita.

Bibi Arusi Mtarajiwa

Wa Kimara unasubiri dakika 50 unaingia kwa dirisha. Juzi mtu kanipitishia begi la samaki usoni.

Chaki Nyeupe

Mimi bado nasubiri yule kijana wa Pakacha anijibu 2018 alikuwa wapi.

Mama Pakiti

Jamani. Alijipepea.

Pakacha la Embe

Mwalimu, nilikuwa form two. Wewe ndiye ulikuwa unatufundisha.

Chaki Nyeupe

Shule gani?

Lindo la Usiku

Ngoja nikafungue geti, gari la bosi linapiga honi. Nakuja kumjibu mwalimu habari ya kulala lindoni, asiondoke.