Nywila ya wallet.dat imenitoka

Wakuu, niko Ujiji. Mwaka 2017 faida ya dagaa wa Kibirizi niliiweka kwenye bitcoin, pochi ya programu ya Bitcoin Core. Faili la pochi, wallet.dat, ninalo, nywila imenitoka. Ina jina la mtumbwi wa marehemu baba na mwaka; herufi kubwa iko wapi, sijui. Nisaidieni, ndiyo ada ya binti yangu.

— Pole mkuu. Kwanza nakili faili kwenye flashi mbili. Kisha tumia btcrecover, programu ya kutafuta nywila iliyosahaulika: unaipa vipande unavyokumbuka, inajaribu michanganyiko yenyewe. Zima intaneti.

— Maneno 12 ya kurejesha pochi je?

— Bitcoin Core haitoi hayo. Na atakayekufuata pembeni akitaka faili, mkatalie.

— Asanteni sana. Mama kanikumbusha: jina la mtumbwi lilimalizikia na namba ya Kirumi! Naanza usiku huu.